Aliyeshindwa Mechi ya Kwanza Anaandikwa Wapi?

Ratiba ya bonanza huwa karatasi moja ya manila iliyoandikwa kwa maka peni na kubandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata, au kwenye mti wowote ulio jirani na kiwanja. Watu huitazama kutafuta saa ya timu yao, kisha huondoka. Leo nataka tuisome karatasi hiyo kama tunavyosoma tamthilia: imejengwaje, nani kapewa mstari na nani kanyimwa, taharuki imewekwa wapi, kisa kinaishaje. Mashindano nayo yana fani. Mpangaji wa ratiba, apende asipende, ni mtunzi, na mengi tunayoyaita bahati au udhaifu wa timu alikwisha kuyaamua yeye kabla mpira haujawekwa kati.

Tuseme timu ziko 8, na tuseme tupo Njombe mjini: Ramadhani, Mjimwema, Yakobi, Uwemba, Kifanya, Luponde, Matola na Utalingolo. Juu ya karatasi kuna mechi 4 zenye majina kamili ya kata. Ramadhani v Uwemba, saa 3 asubuhi. Ukungu ukigoma kuondoka, saa 4. Chini ya hapo majina yanakatika. Panaandikwa "Mshindi mechi 1 v Mshindi mechi 2", na chini zaidi "Mshindi mechi 5 v Mshindi mechi 6". Hawa ni wahusika wasio na sura bado. Mbinu hii ni nzuri mno, tuikubali: msomaji wa asubuhi analiona umbo la fainali kabla ya kumjua yeyote atakayeicheza, na kila timu inayoisoma inajiweka yenyewe katika ile nafasi tupu. Wapo watunzi wa riwaya ambao hawajaweza kumfanya msomaji ajiingize kwenye kitabu kwa urahisi huo.

Sasa tafuta mstari unaosema "Aliyeshindwa mechi 1". Haupo. Timu 4 kati ya 8 zinatoka kwenye maandishi raundi ya kwanza tu, na hazitajwi tena mahali popote. Vijana wa Uwemba wameamka alfajiri kwenye baridi ya Juni, wamebanana kwenye Noah wakiwa na jezi ndani ya mifuko ya rambo, wamecheza dakika 40, na saa 5 asubuhi hawana tena kisa. Wakibaki uwanjani wanabaki kama watazamaji wa hadithi ya wenzao. Wakiondoka, hakuna atakayejua kama walikuwa timu ya pili kwa ubora kati ya zote na kosa lao lilikuwa kupangwa na bingwa mapema. Mtoano haujui tofauti hiyo na wala hauna pa kuiandika. Mstari pekee unaomtambua aliyeshindwa ni ule wa kumtafuta mshindi wa tatu, na huo nao huwekwa shingo upande, huchezwa huku watu wakinunua mahindi ya kuchoma wakisubiri fainali.

Nimeanzia kwenye manila kwa sababu nimekuwa nikifuatilia namna mchezo mmoja wa mbali unavyopanga misimu yake. Ni ule wa kurushiana kisahani cha plastiki, frizibi, unaochezwa na timu mbili za watu 7 kila upande. Wenyewe wanauita altimeti. Ulibuniwa mwaka 1968 na wanafunzi wa Columbia High School, mjini Maplewood, New Jersey. Vyuo vya Rutgers na Princeton vilicheza mechi ya kwanza ya vyuo tarehe 6 Novemba 1972, na mwaka 1975 vyuo 8 vilikutana Yale kushindania ubingwa, Rutgers wakautwaa. Kampala na Nairobi mchezo huu una vyama na wachezaji wake. Kwetu nyanda za juu kusini watu wana mpira wa miguu na netiboli, na sina nia ya kuwahubiria waache. Kinachonivutia ni ufundi wa ratiba zao tu.

Kwenye mashindano ya kisahani, hasa ya vyuo, ile karatasi ina mistari miwili inayokwenda sambamba. "Mshindi mechi 1 v Mshindi mechi 2" upo, na chini yake, kwa maandishi yaleyale, "Aliyeshindwa mechi 1 v Aliyeshindwa mechi 2". Njia ya walioshindwa nayo ina nusu fainali yake na fainali yake: ya kutafuta nafasi ya 5, ya kutafuta nafasi ya 7. Siku inaisha kila timu ikiwa imecheza idadi ileile ya mechi, na kila timu ikiwa na namba yake. Timu ya 7 imeishinda ya 8, na hilo limeandikwa. Kumbuka pia kwamba timu inayoshika nafasi ya 5 inaondoka na ushindi wa mechi mbili za mwisho, wakati ya 2 inaondoka na kilio. Katika mtoano wetu mtu mmoja tu huenda nyumbani akiwa ameshinda mechi yake ya mwisho, au wawili ukimhesabu mshindi wa tatu. Katika fani hii wako wanne kati ya wanane.

Mpangaji wa bonanza atajitetea kwamba hana muda. Tumhesabie basi. Mtoano wa timu 8 pamoja na mechi ya mshindi wa tatu una mechi 8. Fani ya mistari miwili ina raundi 3 za mechi 4, yaani mechi 12. Tofauti ni mechi 4. Kwa mechi za dakika 40 na dakika 10 za kupumua katikati, ni saa 3 na dakika 20. Bonanza linaloanza saa 3 asubuhi kwenye kiwanja kimoja halitaweza kuziingiza mechi zote 12 kabla giza halijaingia. Linahitaji siku ya pili, au kiwanja cha shule ya msingi iliyo jirani. Gharama ya kweli iko kwingine: marefa wanne zaidi wa kulipwa posho, na chakula cha mchana cha timu ambazo zamani zingekuwa zimekwisha kurudi kwao. Siibezi gharama hiyo. Ninachokataa ni kusema kwamba mtoano ndio umbo la asili la mashindano, kana kwamba ulishuka na mvua. Ni chaguo la mtunzi mwenye haraka.

Na haraka hiyo huzaa tabia. Timu inayojua kwamba kosa moja litaifuta haithubutu kuchezesha mtoto wa kidato cha pili. Inatafuta mamluki. Tunawalaani mamluki kila mwaka, tunakagua vyeti, tunapigana nyuma ya magoli, bila kuuliza kwa nini wanaletwa kwenye bonanza la zawadi ya mbuzi kuliko kwenye ligi. Mwenye mechi moja ya kufa au kupona atakopa mguu popote. Mwenye uhakika wa mechi tatu anaweza kumudu kumjaribu wa kwake.

Sasa tuingie ndani ya mechi yenyewe, maana huko nako fani hii imefinyangwa kwa uangalifu. Uwanja wa altimeti una urefu wa meta 100 na upana wa meta 37, na kila mwisho una eneo la kufungia lenye kina cha meta 18. Bao ni kukidaka kisahani ndani ya eneo hilo. Mwenye kisahani hakimbii: anasimama, anageuka kwa mguu mmoja kama mchezaji wa netiboli, na anayemkaba anamhesabia kwa sauti hadi 10. Mabao hufika 15 kwa kawaida. Na kila bao likifungwa, timu zinabadilishana uelekeo. Kila bao, bila kungoja mapumziko.

Msomaji wa Makambako hahitaji kuelezwa maana ya kanuni hiyo. Upepo wa Makambako watu wamekuwa wakiupigia hesabu za kuzalishia umeme. Mchezaji wa mpira wa miguu pale anajua kwamba nahodha akishinda kura ya kurusha shilingi, kazi yake ya kwanza ni kuangalia bendera ya kona inaelekea wapi. Kipindi chote cha kwanza timu moja inapiga mbali kwa raha na nyingine inapiga mpira unaorudi. Ndiyo, kipindi cha pili wanabadilishana, lakini upepo una saa zake: unaweza kuvuma saa 8 na kutulia saa 9, na mwenye kipindi cha pili akakosa wa kumsukuma mgongoni. Kisahani chenye uzito wa gramu 175 kinaumizwa na upepo kuliko mpira, na waliotunga kanuni zake walijua. Ukifunga huku upepo ukiwa mgongoni kwako, mchezo ukianza tena upepo uko usoni. Anayetaka kuongoza kwa dhati lazima afunge angalau mara moja akiupanda. Kanuni moja fupi imeichukua hali ya hewa, ambayo kwetu ni kisingizio cha baada ya mechi, na kuifanya sehemu ya msuko.

Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi zaidi: refa hayupo. Aliyechezewa faulo anaita mwenyewe "faulo". Mwenzake ana njia mbili, akubali au apinge. Akikubali, faulo inahesabiwa. Akipinga, na baada ya maelezo mafupi kila mmoja akabaki na lake, kisahani hurudishwa kwa aliyekirusha na mchezo unaanza upya kutoka pale. Kwa lugha ya wahakiki hiyo ni mbinu rejeshi, ila hapa imepewa kazi ya hakimu: tusipoelewana kuhusu kilichotokea, tunarudi kwenye sekunde ya mwisho ambayo sote tulikuwa tukiikubali. Hakuna anayetangazwa mwongo.

Wala hatuna haja ya kwenda New Jersey kujifunza hilo. Mtoto yeyote aliyecheza chandimu kwenye vumbi la Mwembetogwa, pale Makambako, anaijua hukumu ya "turudie". Goli ni mawe mawili, mtambaa wa panya haupo, mpira umepita juu ya kichwa cha kipa. Umeingia au umepaa? Wanabishana, mwenye mpira anatishia kuuchukua, mwisho mmoja anasema turudie, na inarudiwa. Altimeti imeichukua sheria hiyo ya watoto, ikaiandika vifungu kwa vifungu, ikaipeleka mpaka kwenye fainali za dunia. Sisi tumeiacha kwenye vumbi pale tulipopewa filimbi.

Lakini mhakiki asiwe mshabiki. Weka ng'ombe dume wa zawadi kwenye nguzo ya goli, weka mwenyekiti wa kijiji na diwani kwenye viti vya plastiki, kisha waambie vijana wajichezeshe wenyewe. Mimi nitakaa karibu na njia ya kutokea. Marekani kwenyewe, kwenye ubingwa wa vyuo, wamewekwa waangalizi wanaoamua wachezaji wanaposhindwa kuelewana. Fani isiyo na refa inahitaji masharti yake: zawadi isiwe kubwa kuliko aibu, na timu zijue kwamba zitakutana tena. Sharti hili la pili ndilo linalonirudisha kwenye ratiba. Chuo kimoja cha Marekani hucheza mashindano kadhaa ya wikiendi katika muhula wa kuelekea kiangazi, kisha kinaingia ngazi ya vyuo vya karibu, kisha kanda, na wanaofuzu wanakwenda fainali ya taifa mwishoni mwa Mei, ambako daraja la juu lina timu 20 za wanaume na 20 za wanawake, zikigawanywa makundi manne ya timu tano. Katika njia yote hiyo unakutana na watu walewale. Uongo wa Februari utakungoja Aprili.

Kuna kipengele cha mwisho cha fani hii ninachokiona kuwa ndicho cha kisanii zaidi. Mechi ikiisha, kila timu inaipa alama timu iliyocheza nayo, katika mambo matano: kuzijua kanuni na kuzitumia, faulo na kugusana miili, kutenda haki, moyo mwema na kujizuia, na mawasiliano. Kila jambo lina alama kuanzia 0 hadi 4. Uzuri uko katika alama ya 2. Hiyo ndiyo ya mchezo mzuri wa kawaida, kwa hiyo timu iliyojiheshimu bila makuu inapata 10 kati ya 20. Sisi tuliozoea karatasi za mtihani tungeona 10 ni kuponea chupuchupu. Hapa 10 maana yake ni kwamba mambo yalikwenda inavyotakiwa, na 4 inabaki kwa jambo ambalo utalisimulia nyumbani. Mashindano yakifungwa kunakuwa na vikombe viwili: cha mabao na cha huo uungwana.

Nasi tunayo zawadi ya timu yenye nidhamu. Isome vizuri utaona imetungwa kinyume. Kwetu anayetoa alama ni kamati, iliyokaa jukwaani, na kinachohesabiwa ni kadi. Timu yenye nidhamu ni timu isiyo na kadi, hata kama haikumsalimia mtu. Kule anayetoa alama ndiye aliyekuwa akikanyagwa. Msimulizi amehama kutoka jukwaani hadi ndani ya mchezo, na badiliko hilo la msimulizi linabadilisha kisa kizima: sasa mpinzani wako ndiye mwandishi wa wasifu wako. Nina shaka kidogo kwamba watu wazima wakizoeana watagawiana alama za upole tu, nikupe nawe unipe. Hata hivyo shaka hiyo tunayo kwa kila hakiki iliyopata kuandikwa, hii ikiwemo.

Ligi ni fani ya tatu, na ndiyo ndefu kuliko zote. Njombe tuliionja mara moja kwa ukamilifu wake. Msimu wa 2017/18 timu ya Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United. Timu zilikuwa 16, kila moja ikicheza mechi 30, jumla mechi 240. Simba na Yanga zikaja kwenye uwanja wetu wa Sabasaba. Katika ligi hakuna anayefutwa kwa kosa moja. Kisa kinajengwa polepole, na mandhari inapata nafasi ya kuwa mhusika. Kila mpinzani alilazimika kuupanda mlima hadi kwenye mji ulio karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari na kucheza kwenye hewa yake. Kwenye mtoano wa siku moja baridi ni usumbufu tu. Kwenye ligi inakuwa sehemu ya msimamo.

Ila ligi nayo ina ukatili wake, nao uko kwenye mstari unaochorwa chini ya msimamo. Njombe Mji ilishuka mwisho wa msimu huohuo pamoja na Majimaji ya Songea. Msimu uliofuata ligi ikapanuliwa hadi timu 20: zilishuka 2, zikapanda 6. Soma tena tarakimu hizo ukiwa mtu wa Njombe. Mlango ulipanuliwa mara tu tulipotoka. Simba, bingwa wa mwaka ule, ilipokea kombe mbele ya Rais Magufuli siku ileile iliyofungwa na Kagera Sugar 1-0, kipigo chake cha kwanza cha ligi msimu ule. Mtunzi wa riwaya angeambiwa amezidisha chumvi. Na hata hivyo, ukiniuliza ni fani gani imeitendea haki zaidi timu ya Njombe, nitasema ligi. Ilishuka ikiwa na mechi 30 zilizoandikwa, zote kwa jina lake.

Ninasisitiza jina kwa sababu ya fani ya nne, ile inayowagusa vijana wengi kuliko nyingine zote: UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Hapa ndipo mfano wa vyuo vya kisahani unapokuwa na jambo zito la kutuonyesha, maana kwa mbali ngazi zinafanana. Kule ni chuo, eneo, kanda, taifa. Kwetu ni shule, kata, halmashauri, mkoa, taifa. Tofauti ni nani anayezipanda. Kule timu iliyoanza Februari ndiyo inayofika Mei. Kwetu, kila ngazi, timu iliyoshinda inavunjwa.

Fuata msichana mmoja wa kubuni kutoka shule ya sekondari ya kata ya Ramadhani. Anacheza netiboli, kifuani ana herufi C ya mchezaji wa kati, na shule yake imeshinda. Walimu wa michezo wanakaa chini ya mti na kuunda kombaini. Yeye anachukuliwa, wenzake sita wanarudi darasani. Kwenye ngazi ya mkoa halmashauri ziko 6: Njombe Mji, Makambako Mji, Njombe, Wanging'ombe, Makete na Ludewa. Anacheza na Makambako, anakabwa vikali na msichana wa Lyamkena mwenye mikono mirefu. Jioni kombaini ya mkoa inatangazwa. Yule wa Lyamkena anapewa C, yeye anapewa WD, mlinzi wa pembeni, na wiki inayofuata wako basi moja, wamevaa traksuti za rangi moja, wanakwenda taifa. Ilikuwa Mtwara mwaka 2021, Tabora 2022. Kwenye ratiba ya huko hakuna Ramadhani wala Lyamkena. Kuna "Njombe".

Nisingependa kuwa mtu asiyeuona uzuri wa fani hii. Adui wa Jumatatu ni mwenzako wa Ijumaa: ni geuko la kisa ambalo altimeti, pamoja na upole wake wote, haina. Ndani yake kuna fikra ya taifa lililotaka watoto wake wafahamiane kabla hawajajua tofauti zao, na kwa kiasi kikubwa lilifanikiwa. Mtoto wa shule dhaifu mwenye kipaji anapata njia ambayo timu yake isingempatia kamwe. Kombaini ni ngazi ya mtu mmoja mmoja, na kama ngazi ya mtu mmoja mmoja inafanya kazi.

Ila kama msimu wa timu, haipo. Wale sita waliorudi darasani walishinda kila mechi waliyopewa na bado kisa chao kiliishia kwenye kata. Hawakushindwa na mtu. Walifutwa na umbo. Mwalimu aliyewafundisha kupeana pasi kwa mwaka mzima anaona kazi yake ikikatwa vipande, kipande kimoja kinapelekwa Tabora. Kombaini inaundwa siku chache kabla ya mashindano, hivyo haina mchezo wake, ina wachezaji tu. Mwaka unaofuata mwalimu huyo atafundisha nini, uelewano wa timu au namna ya mmoja kuonekana? Anajua kamati inachagua watu, haichagui timu. Kwa hiyo atafundisha kuonekana.

Taasisi ya masomo inaumizwa na hili kuliko klabu, kwa sababu wanafunzi hupita. Njombe ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, mojawapo ya vyuo vilivyoanza mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, na mradi wa Mpira Fursa umekuwa ukiwaingiza wasichana wa vyuo hivi kwenye soka. Anayesoma huko leo kesho kutwa hayupo. Timu ya shule au chuo haiwezi kutegemea miguu ileile. Kinachobaki ni jina, jezi, namna ya kucheza inayorithishwa na orodha ya matokeo. Vyuo vya kisahani vina wachezaji wanaoondoka kila mwaka na bado vina historia za miongo, kwa kuwa kila ngazi ya mashindano inamwandika mhusika yuleyule. Fani inayobadilisha mhusika kila baada ya kurasa tano haiwezi kuwa na sura ya pili.

Na tusidanganyane kwamba shule zetu haziwezi kufika mbali zikiwa shule. Mashindano ya FEASSSA ya Afrika Mashariki hushindanisha shule kwa majina yake. Aprili 2023, CAF ilipofanya fainali za kwanza za bara za mpira wa shule mjini Durban, masharti yalikuwa hayohayo, shule na si mkoa. Bingwa wa Afrika kwa wasichana alikuwa Fountain Gate ya Dodoma. Mwaka ambao umbo lilimtaka mhusika awe shule, Tanzania ilitoa shule, na ilikuwa bora kuliko zote.

Hukumu yangu basi ni hii. Mtoano wa bonanza ubaki kwa siku za sherehe, ukiongezewa mechi 4 kila inapowezekana. Kombaini ibaki pia, ila ihamie mwisho, iwe tuzo ya waliong'ara baada ya shule kumaliza safari zao. Maafisa elimu na maafisa michezo wa Njombe na Makambako, kati ya miji yenu miwili kuna barabara ya lami na mwendo wa takriban saa moja, anzeni hapo. Shule iliyoshinda kata ipeleke timu yake kwenye halmashauri, iruhusiwe kuongeza wachezaji wasiozidi watatu kutoka shule ilizozifunga, na bingwa wa Njombe Mji akutane na bingwa wa Makambako Mji nyumbani na ugenini, kila mmoja akiwa na jina la shule yake kifuani. Haihitaji waraka kutoka Dodoma, inahitaji mafuta ya basi la shule na walimu wawili wanaopigiana simu.